Moyo unaharibika miaka mingi kabla kifua hakijauma: tuzungumzie mambo ya kila siku

#1 Mleta uzi

Habari za muda huu wanajukwaa.

Nyuzi nyingi za moyo huishia palepale: juisi gani inazibua mishipa, majani gani yanasafisha damu, kitunguu saumu kiliwe asubuhi au usiku. Sina ugomvi na anayekula kitunguu saumu. Kinachonisumbua ni kwamba mtu huyohuyo ukimwuliza presha yake inasomaje, hajui. Ukimwuliza mara ya mwisho alipima lini, anakumbuka siku aliyolazwa kwa jambo lingine kabisa. Nguvu tunaziweka mahali pasipo na tija, na mambo yanayojulikana wazi kwamba yanalinda moyo tunayapita kwa sababu yanaonekana ya kawaida mno.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kuua duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 17.9 kwa mwaka 2019 pekee, karibu theluthi moja ya vifo vyote, na vingi kati ya hivyo vilitokana na shambulio la moyo na kiharusi. Zaidi ya robo tatu vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo ile kauli kwamba huu ni ugonjwa wa wenye pesa tuiache.

Ugonjwa huu hauanzi uzeeni pia. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miili ya askari 300 waliouawa katika Vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, vijana wenye nguvu, waliopimwa na kukubaliwa jeshini. Asilimia 77 walikuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa inayolisha moyo, wengine kidogo sana, wengine mshipa umeziba kwa kiasi kikubwa. Hawakuwa wakilalamika maumivu yoyote. Mafuta hujijenga kwenye ukuta wa mshipa taratibu, mwaka hadi mwaka, na mwenye mshipa hahisi kitu. Siku utando huo unapopasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba, na sehemu ya misuli ya moyo inakosa oksijeni. Siku hiyo ndiyo watu husema "alikuwa mzima kabisa jana".

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa iko mikononi mwetu. Utafiti wa INTERHEART uliochapishwa mwaka 2004 ukiongozwa na daktari Salim Yusuf ulihusisha nchi 52, na ukaonyesha kwamba mambo tisa yanayoweza kupimwa au kubadilishwa yanabeba karibu asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo: sigara, lehemu (kolesteroli, mafuta yaliyomo kwenye damu), presha, kisukari, kitambi, msongo wa maisha, uhaba wa matunda na mboga, pombe, na kutojishughulisha. Mambo haya yalijitokeza kwa wanaume na wanawake, katika mabara yote yaliyohusishwa.

Nitaanza na presha, maana kwangu ndiyo ya kwanza.

Presha kubwa kwa kawaida haina dalili. Naomba hili tulishike. Wapo wanaosema "mimi nikipanda presha nasikia kichwa", na kichwa kisipouma wanaacha dawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha kubwa hawajui kama wanayo. Wanafanya kazi, wanacheka, wanalea watoto, na muda wote huo moyo unasukuma damu kwa nguvu isiyo ya kawaida, kuta za mishipa zinakakamaa, figo zinaumia. Njia ya kujua ni kupima tu.

Na upimaji wenyewe mara nyingi unafanywa ovyo. Mtu amepanda ngazi, ameingia akihema, anakaa ukingoni mwa kiti miguu inaning'inia, mkanda unafungwa juu ya sweta, huku anasimulia habari za safari. Kipimo hicho hakiaminiki. Nusu saa kabla usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye mazoezi. Nenda msalani kwanza, kwa kuwa kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, usikunje nne. Tulia dakika 5 bila kuongea. Mkono uwe wazi, umelazwa mezani, mkanda ukae usawa wa moyo. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika vyote viwili. Usiandike cha chini peke yake kwa kujifurahisha.

Chini ya 120/80 ni vizuri. Ikifika 140/90 au zaidi ukiwa kituo cha afya, na ikajirudia siku nyingine, hiyo ni presha kubwa na inahitaji kushughulikiwa. Katikati hapo ni eneo la kurekebisha maisha mapema kabla dawa hazijahitajika.

Sigara. Hapa sitazunguka: kupunguza hakutoshi, inatakiwa kuacha. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba kiasi cha asilimia 40 hadi 50 ya hatari ya ziada ya moyo anayobeba mvutaji wa sigara 20. Kwa mapafu, kupunguza kunapunguza hatari karibu kwa kadiri ileile. Kwa moyo sivyo, kwa sababu moshi kidogo tu unatosha kusumbua ukuta wa mshipa na kufanya damu igande kwa urahisi. Kwa sababu hiyohiyo, anayekaa chumba kimoja na mvutaji anaumia. Anayeacha, mwaka mmoja baadaye hatari yake ya ziada imeshuka karibu nusu, na baada ya miaka 15 inakaribia ya mtu ambaye hakuwahi kuvuta.

Naweka kituo hapa kwa sasa, chumvi na mazoezi nakuja navyo. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu asante kwa uzi. Ila mimi nina swali la ukweli. Babu yangu amevuta sigara tangu ujana, amefika miaka 90 na kitu, hajawahi kulazwa. Halafu jirani hanywi, havuti, alianguka akiwa na 48. Si tuseme tu ni ukoo na siku zako?

#3 Mleta uzi

Mkuu, swali zuri na liko vichwani mwa wengi.

Ukoo una nafasi yake, tena kubwa. Kama baba au kaka yako alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, wewe unahesabiwa kuwa kwenye hatari zaidi na unapaswa kuanza kupima mapema, lehemu ikiwemo. Lakini damu ya ukoo haifungi mlango. Mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowafuata maelfu ya watu waliokuwa wamepimwa vinasaba. Miongoni mwa wale waliorithi hatari kubwa kabisa, wenye mtindo mzuri wa maisha walikuwa na hatari pungufu kwa karibu nusu wakilinganishwa na wenye urithi uleule waliokuwa na mtindo mbaya. Aliyerithi vibaya ndiye anayenufaika zaidi kwa kujitunza.

Na babu tunamwona kwa sababu yupo. Wenzake waliovuta naye na kuondoka wakiwa na 50 au 60 hawapo wa kuonyeshwa kama mfano.

Kuna mahali watu walijaribu hili kwa jamii nzima. Karelia Kaskazini, Finland, miaka ya mwanzo ya 1970, wanaume walikuwa wakifa kwa moyo kwa kiwango cha juu kuliko karibu mahali pengine popote palipokuwa na takwimu. Wakazi wenyewe waliiandikia serikali kuomba msaada. Mwaka 1972 mradi ukaanza, chini ya daktari kijana Pekka Puska. Walihangaika na mafuta ya wanyama mezani, chumvi, sigara na presha. Walienda kwa akina mama, shuleni, kwa wauza vyakula, hadi kwa watengeneza soseji. Katika miongo iliyofuata vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Matibabu bora yalichangia sehemu yake, ila sehemu kubwa ilitokana na kushuka kwa lehemu, presha na uvutaji. Ukoo wao haukubadilika.

#4 Mchangiaji

Mimi ni muuguzi. Naomba kuongezea hapo kwenye presha: ukubwa wa mkanda. Mtu mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, mashine inasoma juu kuliko uhalisia. Mwembamba akifungwa mkanda mkubwa inasoma chini. Na mara ya kwanza pimeni mikono yote miwili, kisha mfuate ule unaosoma juu. Zile mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono ziacheni kama mnaweza kupata ya juu ya kiwiko.

Wanawake wenzangu, kama ulipata kifafa cha mimba au presha wakati wa ujauzito, usidhani iliisha ulipojifungua. Hatari yako ya moyo na kiharusi miaka ya mbele iko juu kuliko ya wengine. Mwambie daktari yeyote anayekuona, hata kama mtoto ameshakuwa mtu mzima.

#5 Mleta uzi

Dada muuguzi, ubarikiwe. Hilo la ujauzito halisemwi vya kutosha kabisa.

Naendelea. Chumvi.

Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hapo imehesabiwa yote, ya jikoni na iliyofichwa. Wastani wa dunia ni karibu gramu 11, zaidi ya mara mbili. Chumvi inavuta maji kwenye damu, ujazo unaongezeka, presha inapanda.

Wengi tunafikiria ile chumvi tunayonyunyiza mezani. Iondoe, ndiyo, kopo la chumvi lisikae mezani. Lakini angalia pia vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi, sosi, nyama za kusindika, vitafunwa vya pakiti, mikate, vyakula vya kopo. Mtu anaweka kipande cha ladha kwenye sufuria, anaongeza sosi, halafu anaonja na kutia chumvi "kidogo". Ametia mara tatu. Ukitumia kimoja, acha kingine. Badala yake tumia ndimu, tangawizi, pilipili, vitunguu, majani ya viungo. Wiki za mwanzo chakula kitaonekana hakina ladha, kisha ulimi unazoea, na baada ya muda kile ulichokuwa ukila zamani kitakuchoma. Punguza kwa hatua, kidogo kidogo, na kwa sufuria ya familia nzima. Usimpikie mgonjwa peke yake kama adhabu.

Kwenye chakula kwa ujumla sitaandika mengi, kwa kuwa kila mtu ana vyakula vyake na misingi ni ileile: mboga na matunda angalau gramu 400 kwa siku, nafaka zisizokobolewa, maharage na jamii yake, karanga zisizo na chumvi, samaki, mafuta ya mimea badala ya yale yanayoganda. Mafuta yaliyotiwa haidrojeni, ukiyaona kwenye orodha ya viambato, rudisha bidhaa rafuni. Denmark iliyawekea kikomo kisheria mafuta ya trans yanayotokana nayo tangu 2003 na nchi nyingi zimefuata. Mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa rudiwa hadi yakawa meusi yasirudi jikoni. Vinywaji vya sukari ningeviondoa kabisa kabla ya kugusa kitu kingine chochote kwenye sahani.

Sasa kutembea, na hapa nina kisa ninachokipenda sana.

Baada ya vita vya pili daktari Jerry Morris alikuwa akitafuta kwa nini mashambulio ya moyo yanaongezeka. Akawaangalia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta wanatoka mazingira yaleyale, wanafanya kazi basi lilelile, zamu ileile. Dereva amekaa kutwa. Kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya ngazi kila siku ya kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la The Lancet: makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini, na waliopata ulikuja wakiwa na umri mkubwa zaidi na haukuwa mkali kama wa madereva. Picha kama hiyo aliiona kwa wasambaza barua wa miguu na baiskeli wakilinganishwa na makarani wa ofisini.

Morris hakuishia hapo. Alijiuliza kama madereva walikuwa wanene tangu mwanzo, akaenda kuchungua vipimo vya sare zao. Kweli, suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi. Kwa hiyo huenda sehemu ya tofauti ilitokana na mwili wenyewe, na tafiti zilizofuata miaka mingi baadaye zikathibitisha kwamba mazoezi yana faida yake hata ukiutoa unene. Ninaheshimu sana mtafiti anayeitilia shaka hoja yake mwenyewe namna hiyo.

Kwetu sisi: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au nusu ya hapo kama ni nzito kama kukimbia. Wastani maana yake unaweza kuongea ukiwa unatembea lakini huwezi kuimba. Nusu saa kwa siku 5 imetosha, na si lazima iwe mfululizo. Siku 2 kwa wiki ongeza mazoezi ya misuli: kuchuchumaa, kujisukuma ukutani, kubeba vitu.

Kitambi pia kinapimika bila mzani. Chukua kamba, pima urefu wako kutoka utosini hadi nyayoni, ukate. Ikunje katikati. Sasa ipitishe kiunoni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida, tumbo usilivute ndani. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni ishara ya kuanza kufanya kitu. Mafuta ya tumboni yanayozunguka viungo vya ndani ndiyo yenye madhara zaidi kwa moyo, na mtu anaweza kuwa nayo hata kama uzito wake ni wa kawaida.

#6 Mchangiaji

Mkuu, kazi yangu ni ya zamu za usiku, kulala ni shida. Na stress za maisha je? Hayo umeyaruka.

#7 Mleta uzi

Kaka, sijayaruka, nilikuwa nayaacha yaje kwa swali kama lako.

Usingizi mwaka 2022 uliingizwa rasmi na Chama cha Moyo cha Marekani kwenye orodha yake ya mambo manane ya msingi ya afya ya moyo. Mtu mzima anahitaji kulala kwa muda wa saa 7 hadi 9. Usiku presha hushuka kwa kawaida, na asiyelala vya kutosha anaukosesha mwili wake saa hizo za nafuu. Kwa mtu wa zamu: lala chumba chenye giza na kimya, simu mbali, na familia iambiwe kwamba saa hizo za mchana ndizo usiku wako. Usile mlo mzito saa nane usiku kwa kuwa tu uko macho. Na kama unakoroma sana na mwenzio anasema pumzi inakatika kisha unashtuka, usichukulie ni uchovu. Hali hiyo inapandisha presha na inatibika.

Msongo ni kweli unaumiza moyo, moja kwa moja na pia kwa kutusukuma kwenye sigara, pombe na kula ovyo. Siwezi kukuambia usiwe na mawazo wakati kodi haijalipwa. Ninachoweza kusema ni usikae nayo peke yako. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia, na ukiona wiki zinapita huna hamu ya kitu, hulali, huli, nenda hospitali kama ambavyo ungeenda kwa homa.

Pombe, kwa kuwa nimeigusa: Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango kilicho salama kwa afya. Usianze kunywa ukidhani divai ni dawa ya moyo.

#8 Mchangiaji

Nimesoma uzi asubuhi, mchana nikaenda kupima kwa mara ya kwanza maishani. Nina miaka 37. Imesoma 158/96. Nimerudia 154/95. Sijisikii vibaya hata kidogo. Nifanyeje, nimeingiwa na hofu.

#9 Mleta uzi

Mkuu, pole, na hongera kwa kwenda. Hofu ni ya kawaida ila hali hii inashughulikika.

Kwanza usijipe jina la mgonjwa kwa kipimo cha siku moja, na pia usikipuuze. Kama unaweza kupata mashine ya kufunga juu ya kiwiko iliyothibitishwa, pima nyumbani siku 7: asubuhi mara mbili, jioni mara mbili, kwa utaratibu niliouandika juu. Andika tarehe, saa na namba. Vipimo vya siku ya kwanza usivihesabu, vingine tafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani kikomo ni 135/85: wastani ukifika hapo au zaidi, hiyo ni presha kubwa. Kama huna mashine, rudi kituoni siku mbili tatu tofauti. Peleka karatasi hiyo kwa daktari, na mwombe apime pia sukari, lehemu, figo na mkojo. Mwambie dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za maumivu na za mafua zinapandisha presha.

Ukipewa dawa, ni za kila siku, hata siku unapojisikia vizuri, hasa siku hizo. Zikikuletea kikohozi, kuvimba miguu au tatizo la tendo la ndoa, rudi useme, kuna aina nyingine. Usiziache kimyakimya. Chumvi na kutembea anza leo, usisubiri majibu. Ila chumvi mbadala zenye potasiamu usinunue kabla figo hazijapimwa.

Na ukisoma 180/120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuchanganyikiwa, kuona giza au upande mmoja kulegea, hiyo ni dharura, usipime tena, nenda hospitali muda huohuo. Vilevile kwa yeyote hapa: kifua kubana kama kimekandamizwa, maumivu yanayoelekea mkononi, tayani au mgongoni, jasho baridi, kichefuchefu. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari inaweza kuja kama uchovu usioelezeka na pumzi kukata bila kifua kuuma. Usijiendeshe, mwambie mtu akupeleke au piga simu ya dharura.

Ukishapata wastani wa siku hizo 7, rudi hapa utuambie. Dada muuguzi wa #4, kama upo, tusaidie kumwelekeza kuchagua ukubwa wa mkanda.